Miguu ya Delphin Isiguswe

Ti. Kimya kidogo. Halafu ti, ti.

Kaswera alifumbua macho gizani akategea sikio. Hakuwa panya, wala hayakuwa matone ya mvua yaliyobaki kwenye bati. Zilikuwa punje za kahawa, zinaanguka moja moja ndani ya beseni upande wa pili wa pazia. Punje mbovu ndizo hulia hivyo. Nzuri hubaki kwenye ungo bila sauti. Mbovu huokotwa kwa vidole viwili na kutupwa kando.

"Delphin," aliita chinichini, asimwamshe Masika aliyelala ubavuni mwake. "Ni saa ngapi huko?"

"Saa kumi na moja haiyafika, mama."

"Na unafanya nini?"

"Niko nakaa tu."

Alikuwa amekaa kweli. Kaswera alimwona kwenye upenyo wa pazia: mvulana wa miaka kumi na minne, blanketi mabegani, taa ndogo ya jua imetundikwa kwenye msumari juu ya kichwa chake, shingo imeinama upande mmoja juu ya ungo. Miguu alikuwa ameinyoosha mbele, juu ya mkeka, kama baba yake alivyoagiza. Hiyo miguu ndiyo aliyoitazama Kaswera, akaridhika.

"Usikunje magoti," alisema. "Damu itembee. Kesho ni kesho."

"Ndiyo, mama."

Ti, ti, ikaendelea. Baridi ya asubuhi ya Butembo ilikuwa inapita chini ya mlango. Kaswera alivuta kitenge mpaka shingoni akajiambia kwamba mtoto huyu ana bahati, anaamka mapema bila kuamshwa na kazi yenyewe anaifanya akiwa amekaa, amejifunika. Ni mapumziko hayo. Akasinzia tena kidogo, moyo mweupe.

*

Mambo yalikuwa hivi. Kule Beni kulikuwa na kituo cha mpira kilichotaka wavulana kumi na sita wa umri mmoja. Kingewalaza, kingewalisha, kingewasomesha mpaka diploma ya serikali ya kumaliza sekondari. Kocha wake, mtu mmoja wa mkoa wa mbali aliyeitwa Ignace, alikuwa amepanda Butembo, akatazama watoto sitini wakicheza kwenye vumbi la mtaa wa Kimemi, na alipomaliza akamwita Delphin wa kwanza.

"Ile pasi ya mwisho," alimwuliza, "uliona wapi kama mwenzako iko pale?"

"Niliona mbele mpira ifike," Delphin alijibu.

Kocha Ignace alicheka, akamshika kichwa. Akaandika majina manne ya wavulana wa Butembo ambao angewatazama mara ya pili, Beni, Jumamosi ya juma la pili baada ya hapo. Hiyo ndiyo kesho aliyoisema Kaswera.

Jioni ile ile ya kuitwa, Paulin, baba yake Delphin, alisimama katikati ya nyumba ya vyumba viwili akatoa amri. Paulin alikuwa msukuma chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili. Alishusha viazi na makaa kutoka milimani mpaka kwenye maduka ya chini, na kwenye mpando mwanawe alizoea kusukuma nyuma baada ya shule. Tangu walipohama Mabalako na kuacha shamba, kwa Paulin hakukuwa na namna nyingine ya kuelewa kazi: kazi ni kitu kinachouma mgongo na ndama za miguu.

"Kuanzia leo, miguu ya Delphin isiguswe," alisema. "Chukudu, nitasukuma peke yangu. Maji, mama yake. Sitaki kumuona anapanda mulima ata na kidumu tupu. Munanisikia?"

"Na mimi?" Masika aliuliza. Alikuwa na miaka sita na hakupenda kuachwa nyuma.

"Weye utabeba sakoshi yake ya shule."

Akaibeba kweli. Kila asubuhi mtoto mdogo mbele na mfuko mkubwa mgongoni, kaka mtu, yaya wake kama alivyomwita, nyuma mikono mitupu, uso umemwiva kwa haya. Majirani hawakukosa la kusema. "Mama Delphin," mmoja aliuliza kwenye bomba la maji, huku Kaswera akijitwisha kidumu cha tatu, "uko unafuga waziri?" Wengine wakacheka. Kaswera naye akacheka, maana ukicheka nao haiumizi sana.

Kahawa ilikuwa ya Kaswera mwenyewe. Alikuwa mmoja wa wanawake arobaini waliochambua kahawa kwa mzee Kahongya, mfanyabiashara. Mwaka huu depo ilijaa mpaka mlangoni, kwa hiyo wanawake waliruhusiwa kubeba magunia nyumbani na kuyarudisha yakiwa safi. Siku ya kurudisha, msimamizi alichota sahani moja kutoka katikati ya gunia, akaimwaga mezani mbele ya wote. Msimu huu, ya Kaswera ilitoka na punje kumi na moja nyeusi.

"Mama Delphin," msimamizi alisema, akizipanga mstari kwa ncha ya kidole, "macho yako imezeeka mbele yako."

Gunia likarudi naye nyumbani. Kwa Kahongya, mwanamke ambaye gunia lake linarudishwa mara mbili kwa msimu mmoja huacha nafasi yake kwa wanaosubiri getini, na getini walikuwepo wengi. Kaswera alijua yaliyompata. Jua likishuka, macho yake yalianza kutoa machozi yenyewe, na punje zote zikawa na rangi moja.

Delphin ndiye aliyeuvuta ungo. Hakuna aliyemwambia. Jicho lile lililoona pasi kabla ya mpira liliona pia punje iliyotobolewa na mdudu, iliyovunjika ukingoni, yenye weusi wa ukubwa wa kichwa cha sindano. Gunia alilolichambua yeye halikurudi. "Sasa umepata miwani," msimamizi alimwambia Kaswera, na Kaswera akainamisha kichwa, akasema wasingya, asante ya Kinande, akaondoka.

Sasa juma hili la mwisho gari la Kahongya lilikuwa linashuka Kasindi mpakani Jumamosi, na kila mchambuaji alipewa magunia mawili. Kaswera alisita. Akamwuliza mumewe kama Delphin amsaidie yote mawili.

"Si iko anakaa?" Paulin alisema.

"Anakaa."

"Basi. Kukaa ni kupumuzika. Tena itamuzuia kukimbia na benzake huko barabarani." Kisha akapunguza sauti. "Mais lakini, mutu asijue. Mutoto mwanaume kuchambua kahawa na bamama, kule Beni batamucheka mpaka ashindwe kucheza."

*

Ijumaa jioni Paulin aliingia akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Hakuosha hata mikono. Alimwita Delphin, akamketisha kwenye kigoda, akamwaga mafuta ya mawese kiganjani na kuanza kumkanda ndama za miguu, polepole, kama mtu anayekanda unga wa mgeni.

"Mama Delphin, kuya uguse," alisema. "Gusa hapa. Iko mwepesi hivi. Haina ata fundo moja. Miye miguu yangu ni kama mbao ya mulango, ya huyu ni kama ya mwana-mbuzi."

Kaswera aligusa. Ilikuwa kweli. Akasikia furaha ikimpanda kifuani, furaha ya mtu aliyekinga kitu kisivunjike njia nzima na sasa nyumba inaonekana.

Kwenye kona, gunia la pili lilikuwa limebakia robo. Delphin alikuwa ameshinda nalo tangu alfajiri. Shule ilikuwa imefungwa siku hiyo, na alisimama mara mbili tu, kwenda chooni na kula.

"Papa," alisema.

"Sema."

"Kichwa yangu iko kama imejaa pamba."

Paulin alicheka kwa upole, bila kuacha kukanda. "Kichwa hapana njo inakimbia, mwanangu. Ni miguu."

Masika alicheka pia, maneno yalimpendeza, akaanza kuruka ndani ya nyumba akiigiza kichwa kinachokimbia. Delphin alitabasamu, lakini tabasamu lilichelewa, likafika wakati wengine wameshanyamaza. Alipopewa chai akatia chumvi badala ya sukari, akainywa yote bila kusema. Mama yake alimwuliza mara tatu soksi ziko wapi. Mara ya tatu ndipo alipoinua uso.

"Soksi gani?"

"Anaogopa," Kaswera alimwambia mumewe walipobaki peke yao. "Ni kawaida. Hata miye ningeogopa."

Na Delphin akarudi kwenye ungo, amalizie ile robo, maana gari la Kahongya halikuwa la kumsubiri mtu. Kaswera alikaa naye mpaka macho yakamshinda. Hakumwambia alale. Alimwekea mto nyuma ya mgongo na kumnyooshea miguu vizuri zaidi.

*

Waliondoka Jumamosi na teksi ya saa kumi na mbili: Kaswera, Masika juu ya mapaja yake kwa sababu hapakuwa na wa kumwachia, Delphin dirishani, na mbele Kamate, kijana aliyewafundisha mpira watoto wa Kimemi bila mtu kumlipa chochote. Wavulana wengine watatu walipanda gari la nyuma. Njia nzima Kamate aligeuka nyuma kumweleza Delphin maneno ya uwanjani, nani atakuwa kushoto, nani atamkaba. Delphin aliitikia ndiyo, ndiyo. Walipopita Maboya Kamate akamwuliza, "Nimesema nani iko kushoto?" Delphin akamtazama.

"Hujasikia?"

"Nimesikia, kocha. Sema tena."

Kamate akasema tena. Wanajeshi wa kizuizi cha barabarani walitazama kadi, wakarudisha. Joto la Beni likaanza kuingia madirishani, na Masika akavuliwa sweta.

Uwanja ulikuwa na uzio wa matofali na kivuli upande mmoja tu, na kivuli hicho kilikuwa na viti vya plastiki. Kaswera alikwenda kuketi. Kijana mwenye orodha akamwomba radhi, viti ni vya wazazi wa kituo. "Na miye ni muzazi," Kaswera alisema. "Ndiyo mama, mais wa kujaribiwa wako upande wa jua." Akahama. Alimweka Masika kwenye kivuli cha mwili wake mwenyewe, wakasimama.

Delphin alivaa jezi ya njano, namba nane. Dakika kumi za kwanza alikimbia sawa na wenzake. Kaswera, ambaye mpira aliujua kwa kumfuata mwanawe tu, aliona miguu inakwenda vizuri, haiburuzi, haikamatwi, na pumzi yake ikatulia.

Kisha mpira ukamjia Delphin, rahisi, unabingirika. Akautuliza. Akautazama. Hakutazama mbele kama alivyozoea. Aliutazama mpira wenyewe pale chini, shingo imeinama upande mmoja, na katika kule kutazama mvulana wa jezi ya kijani akapita, akauchukua kama mtu anayechukua kofia yake mezani.

"Amuka, nane," mtu alisema kivulini.

Mpira ulimjia tena. Safari hii hakukawia. Alipiga pasi nzuri, yenye nguvu, iliyonyooka, moja kwa moja kwenye mguu wa mvulana wa kijani.

"Huyu anacheza na timu mbili," yule wa kivulini akasema, na viti vikacheka.

Kaswera aliijua ile shingo iliyoinama. Aliiona juma zima juu ya ungo. Lakini hakuyaunganisha hayo mawili. Alidhani ni aibu imemwinamisha, akasali rozari kimyakimya ili aibu imtoke. Haikumtoka. Mwenzake wa kushoto aliita, "Delphin, Delphin," akainua mkono, akaushusha, na ndipo Delphin alipogeuka kumtafuta. Mpira wa kona ulishuka mbele ya goli, wote wakaruka, yeye akaruka wakiwa wameshatua. Hakuwa anahema. Jasho lake lilikuwa dogo kuliko la wengine. Kadiri muda ulivyokwenda alianza kutembea, na hapo ndipo ilipokuwa vigumu kutazama, kwa sababu mtoto anayeanguka kwa kuchoka humpa mama yake la kusema, lakini huyu alikuwa mzima, amesimama, anatazama mpira ukipita karibu yake kama gari lisilosimama kwenye kituo chake.

Kipindi cha pili kilipofika katikati, kijana mwenye orodha aliinua mkono, Delphin akatolewa.

Kamate alimkimbilia, akapiga magoti, akambonyeza ndama, mapaja, vifundo. "Inauma hapa? Hapa?" Hapana, hapana. Kamate akainuka, uso umemkauka. "Miguu ni mizima," alimwambia Kaswera. "Mama Delphin, miye sielewi. Delphin yangu hapana huyu."

*

Kocha Ignace hakuwa mtu mbaya. Mchezo ulipokwisha alivuka uwanja mwenyewe, daftari mkononi, akaja upande wa jua.

"Mama, huyu si mutoto niliona Butembo," alisema. Akamtazama Delphin, kisha akamrudia mama. "Alembi?" Na kwa kuwa Kaswera alikunja uso kwa Kilingala hicho, akaongeza, "Amechoka?"

"Hapana, papa. Atachoka na nini?"

"Malaria?"

"Hapana."

"Jana alibeba kitu? Alilima? Alitembea mbali? Niambie tu, mama. Hapa watu banaletaka batoto wametoka shambani."

Hapo Kaswera aliona mlango. Aliona ni hapa ambapo majuma yake mawili yote yangehesabiwa, vidumu, majirani, mfuko wa shule mgongoni mwa Masika. Akanyoosha mabega.

"Papa kocha, juma nzima hatukumugusisha kazi. Maji nilichota miye. Baba yake alisukuma chukudu peke yake, ata kwenye mulima. Huyu alikaa tu. Hakufanya kitu."

Alilisema kama mtu anayefungulia mgeni nyumba iliyofagiliwa. Na akaona uso wa kocha ukijifunga.

"Alikaa juma nzima," Ignace alirudia taratibu. "Ni kweli, mwanangu? Ulikaa?"

Delphin alitazama viatu vyake. Mama yake alikuwa ameshasema, na mbele ya wakubwa mtoto hasahihishi neno la mama yake. "Ndiyo, kocha. Nilikaa."

"Bon. Basi si uchovu." Akafungua daftari. "Mutoto mwenye kupumuzika juma nzima, kisha anakuja kutembea mbele yangu, huyo ni roho haitaki. Miguu nitamufundisha, mama. Roho, siwezi." Akaandika kitu kifupi. Kalamu haikuchukua muda.

Alipogeuka kuondoka, mama mmoja aliinuka kwenye viti vya kivulini akamzuia. Aliitwa Jeannine, mke wa afisa aliyehamishiwa Beni kutoka mkoa mwingine, na mwanawe Jordy alikuwa mvulana mwingine wa kijani, aliyepoteza mipira mingi mwishoni. Hawakuwa hata hatua tano kutoka kwa Kaswera.

"Kocha, usimuandike vibaya," Jeannine alisema. "Jordy ametoka kwenye mitihani. Jumatatu mpaka jana, asubuhi mpaka jioni, na nyumbani kitabu tena. Amekaa mpaka macho imevimba."

"Ah." Ignace alisimama. "Mbona hamukuniambia asubuhi? Nisingemupanga leo. Kichwa ikichoka, mama, mguu haisikii. Inachelewa. Mutoto anaona mpira kisha inapita ndipo anaamua. Si kosa lake." Akapekua daftari nyuma ukurasa mmoja. "Alale siku mbili. Asiguse kitabu. Jumanne saa tisa nitamutazama tena, yeye peke yake."

Kaswera alisikia kila neno. Yaliingia moja moja na kila moja lilianguka na sauti yake. Shingo ile. Chumvi kwenye chai. Soksi gani. Kichwa yangu iko kama imejaa pamba.

Alimwachia Kamate mkono wa Masika, akavuka mstari mweupe wa uwanja.

"Papa kocha, samahani. Na wangu pia. Na ye alikuwa na kazi ya kichwa."

Ignace aligeuka. "Kazi gani?"

Viti vyote vya kivulini vilikuwa vinatazama. Kaswera alimkumbuka Paulin, mutu asijue, akamtazama Delphin kule juani amesimama na jezi ya watu, na akasema.

"Kahawa. Alikuwa ananisaidia kuchambua kahawa. Magunia mbili. Toka alfajiri."

"Kahawa ya bamama?" aliuliza yule baba wa kivulini, yule wa timu mbili, na kicheko kikapita kwenye viti, si kikubwa.

Ignace hakucheka. Alimtazama Kaswera, akatazama daftari lake, na alipozungumza alizungumza kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyouma.

"Mama, sasa hivi tu nilikuuliza, mara tatu. Ukasema hakufanya kitu. Nikamuuliza mutoto, akasema alikaa. Sasa ni kahawa."

"Alikuwa anakaa, papa. Ndiyo anakaa. Mais iko anachambua."

"Kila mama akisikia mwenzake amepata, anakumbuka sababu. Siwakasirikii. Miye pia niko na mama." Akafunga daftari. "Nikifungulia mmoja, ni wote sitini."

"Mwaka ujao?"

"Mwaka ujao nachagua wa kuzaliwa mwaka mwingine."

Kamate alikuja mbio, akaanza kusema, kocha mwenzangu, huyu mtoto ninamjua, lakini Ignace akamwuliza swali moja: "Weye ulijua habari ya kahawa?" Kamate akatikisa kichwa. Hakujua. Alimgeukia Kaswera. "Juu ya nini hukuniambia, mama Delphin?"

"Ungecheka," Kaswera alisema.



Jeannine, ambaye hakuwa na ubaya wowote, alifungua mkoba wake akampa Masika pakiti ya biskuti. Masika akamtazama mama yake kuomba ruhusa. Kaswera akaitikia kwa kichwa, kwa sababu mtoto alikuwa hajala tangu asubuhi, akasema aksanti, akasubiri mpaka mtoto naye aseme aksanti.

*

Gari la kurudi lilijaa haraka. Mbele dereva na Kamate na mtu mmoja mwenye kuku, nyuma wao watatu na mama mnene wa sokoni aliyekuwa na habari ya kila mtu. "Mumetoka mpira?" aliuliza. "Mutoto amepita?" Kaswera akasema bado wanatazama. Ilikuwa rahisi kuliko kusema jingine.

Delphin aliegemea kioo.  Walipoacha nyumba za mwisho za Beni akasema, bila kugeuka, kwa sauti ya mtu anayetoa maelezo ya kitu kilichompata mwingine:

"Nilikuwa naona kila kitu, mama. Mais inafika nyuma."

"Najua," Kaswera alisema.  Alimwekea mkono gotini, kwenye ile miguu isiyoguswa, akauondoa.

Simu ya Kamate ililia. Akaitazama, akaipitisha nyuma. Ni Paulin. Alikuwa ameazima simu ya mtu kwenye maegesho ya chukudu. Nyuma yake zilisikika kelele za wanaopakia.

"Bamesema nini?"

"Tuko njiani."

"Miguu ilifanya kazi?"

Kaswera alitazama nje. Migomba, mashamba ya kakao, kijana anasukuma baiskeli yenye mkaa. "Miguu ilifanya kazi," alisema.

"Si nilisema?" Sauti ya Paulin ilijaa mpaka mama wa sokoni akatabasamu. "Si nilikuambia? Sikia, mutu wa Kahongya amepita. Amefurahi sana na gunia yetu. Ameleta zingine mbili za Jumatano, nimeweka nyuma ya mulango. Sasa bamesema nini, mama Delphin? Alo?"

Milima ilikuwa inaanza, na simu ikakatika hapo. Kaswera aliendelea kuishika sikioni kitambo, ili asiulizwe na mtu. Akafikiria kumpigia, akafikiria maneno yatakayohitajika, na kila neno alilolichukua alilikuta limevunjika ukingoni. Kamate aligeuka nusu, akasema kwamba Jumatatu angejaribu kumpigia Ignace, labda akiwa ametulia. Kaswera akasema aksanti. Wote wawili walijua namba ya Ignace ilikuwa ya ofisi.

Delphin alikuwa ameshalala. Alilala ghafla, mdomo wazi kidogo, kichwa kikigonga kioo kila gari lilipoingia kwenye shimo, na hakuamka hata kwa kugongwa. Mama wa sokoni alimtazama akasema kwa huruma, "Mpira inachokesha batoto."

Masika alikuwa anamtazama pia. Alikuwa amemaliza biskuti na kulamba karatasi yake. Mkono wa kulia wa kaka yake ulikuwa juu ya paja, kiganja chini, na vidole viwili, cha gumba na cha shahada, vilikuwa vinatembea: vinabana kitu kisichokuwepo, vinakiinua kidogo, vinakiachia kando. Vinarudi. Vinabana tena. Masika alivifuata kwa muda, kisha akavuta kitenge cha mama yake na kusema kwa sauti ambayo gari zima liliisikia:

"Mama, yaya iko anachambua kahawa."